Kuku Yenye Sikuchinja

Miaka sita nilikuwa mukubwa wa meza ku depo moja ya kahawa hapa Butembo, upande wa Bulengera. Mutu asizarau ile neno meza. Ilikuwa mbao ndefu, banamuke sita huku na sita kule, na mukubwa anakaa ku kichwa. Kahawa inatoka ku mashini ya kukobola, banaimwanga mbele yetu, na siye tunachagula: nyeusi pembeni, yenye mududu alitoboa pembeni, yenye kuvunjika pembeni, majiwe chini. Mukubwa anapitisha mukono mu kazi ya kila mutu, na gunia haifungwe mpaka yeye aseme. Nilikuwa mukali. Banamuke balikuwa banasema nyuma ya mugongo yangu kama hata Mungu akichagula batu siku ya mwisho, nitapita nyuma yake kuangalia kama alichagula muzuri. Niliisikia, na sikukasirika.

Masomo sikufanya mingi. Nilifika darasa ya tatu, baba akasema jembe iko inaningoja. Najua kusoma polepole, najua kuandika jina yangu, na kahawa naijua kwa kidole, macho imefungwa. Ile nayo ni masomo.

Mu vita ya pili, wakati benye bunduki balikuwa banatutawala toka Beni, bwana yangu alikufa. Alienda Oicha kuangalia shamba yetu ya kakao, balimurudisha ku kitanda ya miti. Sitaandika zaidi juu ya ile. Nilimulilia siku zenye desturi inaomba, nikanyoa kichwa, nikarudi ku kazi.

Ku kichwa ya meza nilikuta mwanamuke mwingine, mudogo, muoga, anashika funguo ya stock, nyumba ya magunia, kama mutu mwenye kushika nyoka. Gérant, mukubwa wa depo yote, aliniita mu biro yake. Hakukuwa mutu mubaya wa kuzaliwa. Alikuwa mutu wa karatasi.

"Pole kwa msiba, mama," alisema. "Lakini unajua, mukubwa wa meza anashika funguo. Mwanamuke mwenye kushika funguo, bwana yake anamusainia. Wewe sasa hauna bwana. Uende kwa ndugu ya bwana yako asaini hapa, na kesho unarudia meza yako."

Alinipatia karatasi. Chini kulikuwa mustari wa kusaini.

Mugeni anaweza kusema: mambo ni nini, sahihi tu? Lakini kwetu, kama shemeki, ndugu ya bwana, anaweka mukono yake juu ya mujane, ni kusema amemuchukua: shamba, nyumba, batoto, na mwenyewe pia. Na shemeki yangu alikuwa amesikia hii habari ya karatasi mbele yangu. Alikuwa ameshanunua kofia mupya.

Nilitoka na gérant akanifuata mpaka ku meza. Nikamuuliza mbele ya bote:

"Bwana gérant, mupimaji wetu wa kilo, bibi yake alikufa mwaka jana. Naye anashika funguo. Mama-mukwe wake alikuja kumusainia?"

Banamuke balicheka mpaka kahawa ikamwangika chini. Mupimaji mwenyewe alicheka. Gérant hakucheka.

Ile juma nikachagula mu kiti ya chini kama bengine, nikaenda ku biro ya haki ya batu, yenye ilikuwa karibu na parokia. Bale batu hawakuwa na askari wala gereza, lakini hata bakubwa ba vita balikuwa banaogopa kidogo kalamu yao. Niliandikisha malalamiko: gérant anabagua bajane, anaacha banaume benye kufiwa na bibi. Nilisema hivi, na baliandika hivi: "Mimi kazi yangu ni kuchagula. Najua kahawa inawekwa pembeni juu ya ubaya wake yenyewe. Haiwekwe pembeni juu mutu amekufa karibu yake." Shahidi wangu alikuwa rafiki yangu wa meza, mwenye kuketi kiti ya kwanza kuume kwangu. Mujane naye, batoto bane. Aliweka kidole.

Nyuma ya siku tano, asubuhi, mupimaji alifika kwangu na kuku. Jike, nyekundu, nono, miguu imefungwa na ile kamba ya bluu yenye tunashonea magunia.

"Gérant anakusalimia," alisema. "Na mwingine nimepeleka kwa rafiki yako."

Akageuka, akaenda. Kwetu, mutu mwenye kukukosea anakuletea nyama. Ukichinja, ukikula, maneno imekuliwa na nyama. Hauwezi kuirudilia tena, hata mbele ya bazee, hata mbele ya mupadri. Sipingi ile desturi. Imeokoa ndugu mingi. Lakini mwenye kuleta kuku anapaswa kwanza kusema: nilikosa. Gérant alituma kuku, mudomo yake alibakia nayo ku biro.

Nilikata kamba katikati, kuku itembee. Fundo nikaiacha ku muguu wake. Nikaimwangia mahindi. Kisu nikairudisha ku ukuta.

Nikakimbia kwa rafiki yangu. Nilifika nikakuta manyoya mu lupango, mbele ya nyumba yake.

"Yaya," alisema, vile tunaita dada mukubwa, na hakuniangalia. "Batoto hawakukula nyama toka Pasaka."

"Sikukuuliza kitu."

"Macho yako inauliza."

"Macho yangu ni ya kazi. Kula, mudogo wangu. Imekufa imekufa."

Hata leo sisemi alifanya mubaya. Mimi batoto wangu walikuwa bakubwa. Ni rahisi kuwa na kichwa nguvu kama tumbo ya mutoto haililie mu nyumba yako.

Kuku yangu haikufa, basi roho ya gérant ikachafuka. Siku ya kwanza alinitoa ku meza, akaniweka karibu na mashini ya kukobola, pale penye maganda inaruka kama inzi. Nilichagula pale na kitambaa ku pua. Siku ya magunia ya Lubero, alitoa kiti yangu. Nilichagula nimechuchumaa. Nyuma ya juma ine alinipatia kahawa ya kufagia, yenye imechanganywa na udongo, na alitaka gunia sawa na ya bengine. Nilimaliza. Rafiki yangu alijaribu kuniletea maji. Naye balimupeleka ku maganda, siku mbili, akaanza kukohoa. Mwisho, asubuhi ya siku ya soko, mulinzi alinisimamisha ku mulango.

"Mama, leo hapana kazi."

"Sauti ya mashini naisikia."

"Kwako hapana kazi."

Nilirudi kesho. Nilirudi kesho yake. Siku sita nilisimama pale mpaka saa ya chakula, mulinzi aone, na banamuke baone. Ya saba nilikwenda ku biro ya haki ya batu.

Mwenye alinipokea alikuwa amekunja uso. Dossier yangu, ile faili ya malalamiko, ilikuwa imepanda Beni kwa bakubwa bao, na siku ya kukata maneno ilikuwa karibu, Siku ya Ine, Alhamisi ya ile juma. Lakini gérant naye alikuwa ameandika barua. Ilisema mambo mbili: kwanza, huyu mama aliacha kazi yeye mwenyewe, pili, mambo imeisha kinyumbani, alikubali kuku.

"Mama, mutu mwenye ameacha kazi hana meza ya kulalamikia," aliniambia. "Kama ile yote yenye alikufanyia nyuma ya malalamiko haiingie mu dossier mbele ya Siku ya Ine, banafunga. Uende Beni. Na uende na shahidi."

Ilikuwa Siku ya Mbili, Jumanne.

Rafiki yangu alikatala. "Yaya, mi nilikula. Mutu mwenye alikula na anasema, mudomo yake inaoza." Nilimwambia sawa, lakini anisindikize tu, juu sitaki kusafiri peke yangu na kuku. Ile alikubali. Sikumudanganya, nilitaka kweli mutu wa kunishikia kikapu.

Maana kuku niliibeba. Mbele ya kuondoka nilimuonyesha mwenye camion, lori ya kwenda Beni, kikapu. Alikuwa Muislamu wa Beni, mutu wa utani mingi, mwenye kubeba samaki na sabuni.

"Mama, hii inalipa nauli ya nani?" aliuliza.

"Ya mwenye aliituma."

"Basi ikae mbele na mimi. Ni mugeni wa heshima."

Ku barrière, penye banafunga njia, askari alipanda na bunduki yake, akaangalia mu kikapu, uso yake ikafunguka. Alianza na Lingala yake: "Soso! Kuku! Mama, Mungu amekutuma."

"Hapana gusa," nilisema. "Ni dossier."

"Nini?"

"Ni dossier ya tribunal. Inaenda Beni kwa bakubwa. Ikipotea, bataandika ilipotea ku barrière gani."

Askari aliniangalia, akaangalia kuku. "Dossier iko na manyoya?"

"Yako ikifunguliwa siku moja, tutaona iko na nini."

Batu ba camion balifunika midomo. Nilifikiri atanipiga. Alicheka, akashuka, akapiga mulango ya camion na mukono: "Pitisheni mama na dossier yake!"

Ku biro ya Beni alikuwa kijana mwembamba, mwandishi, kalamu tatu mu mufuko ya shati. Nyuma yake, ku meza ingine, muzee mukubwa wa biro alikuwa anasoma, hakuinua kichwa.

"Mama, hapa si soko," kijana alisema.

"Najua. Soko nilipita, hawaandike kitu kule."

Nilimuelezea. Alitafuta dossier, akaipata, akasikiliza muzuri. Hakuwa na zarau, naomba ijulikane. Lakini alitikisa kichwa.

"Mama, hii dossier ni ya kubaguliwa: mujane, meza, sahihi. Hii ingine ya maganda, ya kiti, ya kufungiwa mulango, tunaitaka représailles. Maana yake ni kisasi, alikulipizia juu ulilalamika. Ni mambo ingine. Tunafungua dossier mupya, itangoja zamu yake."

"Zamu yake ni lini?"

"Pengine nyuma ya Noël."

"Na ya kwanza?"

"Siku ya Ine."

"Na Siku ya Ine batasoma barua ya gérant, kama niliacha kazi?"

Alifungua karatasi, akaiangalia. "Iko mu dossier, mama. Bataisoma."

"Basi uongo yake iko ndani, na ukweli yangu inabakia inje inangoja Noël."

Nilifunua kikapu. Kuku ilitoa kichwa, na bitoto saba bikatoka chini ya mabawa yake, bikaanza kulia mu biro yote.

"Gérant anasema nilikula. Nilikula wapi? Njo hii. Angalia muguu: kamba ya bluu, ya kushonea magunia ya depo yake, na fundo ni ya mupimaji wake. Sikuifungua."

Hapo muzee aliinua kichwa. Aliniuliza kwa Kinande, luga yetu, polepole, kama mutu mwenye kuweka mutego:

"Na mayai, mama? Mwenye kukula mayai amekula nusu ya maneno."

"Ilitaga nane. Moja ilioza, nikaitupa, huyu mudogo wangu alikuwa pale. Saba unaiona mwenyewe."

Muzee alihesabu bitoto na kidole. Mimi nikaona mulango imefunguka kidogo, nikaweka muguu.

"Muzee, mimi sijasoma. Lakini uniambie. Hii kuku ilikuja mu nyumba yangu peke yake. Bitoto bilikuja nyuma. Bingezaliwa kwangu kama mama yabo hakukuja? Nisingelalamika, nani angetoa kiti yangu? Miaka sita nilikuwa na kiti. Huyu kijana anasema kuku iingie Siku ya Ine, na bitoto bingoje Noël mu kikapu ingine. Bitafika Noël hai?"

Kijana alifungua mudomo, muzee akainua mukono.

"Nani aliona ile ya nyuma?" aliuliza. "Mama, neno yako peke yake na neno ya gérant peke yake, tunapima nini?"

Sikumuangalia rafiki yangu. Mungu ananiona, sikumuangalia. Nilimuahidi kushika kikapu tu, na alikuwa anaishika, mikono mbili, mbele ya tumbo. Nikasema: "Mulinzi aliona, lakini mulinzi anakula kwa gérant." Nilijua kama hakuna mutu, nimekuja bure, na kesho kutwa meza yangu imekwisha.

"Mimi nilikula," alisema rafiki yangu.

Sauti yake ilitoka kubwa kupita vile alitaka. Alirudi nyuma hatua moja, akarudia.

"Muzee, mi nilikula kuku yangu. Na batoto wangu. Mifupa nayo tulivunja. Desturi inanikataza kurudilia maneno ya mbele ya kuku. Sawa. Ile ya sahihi sitaisema, hata ukiniuliza. Lakini maganda ilikuja nyuma ya kuku. Kiti ilitolewa nyuma ya kuku. Mulango ilifungwa nyuma. Ile hawakuniletea nyama yake. Ile sikuila. Na niliona yote, na nilikohoa yote."

Mu biro bitoto tu bilikuwa binalia. Mimi, mwenye siku zote nilikuwa najiona njo kichwa ya ile meza, nilijua sijawahi kufikiri neno ya akili kama ile. Miaka mingi nilitembea juu ya ile desturi na sikuona mupaka wake. Yeye aliona.

Muzee alivua miwani, akaipangusa.

"Vuta karatasi," aliambia kijana. "Andika juu: kuongeza ku malalamiko ya kwanza. Namba ileile."

Tuliandika mpaka kijana alibadilisha kalamu. Kwanza aliandika: "alisumbuliwa mara mingi." Nikamwambia afute.

"Kusumbuliwa ni nini? Hata inzi inasumbua. Andika: kiti yangu ilitolewa. Andika nani aliitoa. Andika siku gani."

"Mama, siku unazikumbuka?"

"Maganda ilianza kesho yake ya Misa ya Utatu. Kiti, siku magunia ya Lubero ilifika na mvua. Kahawa ya kufagia, siku tatu, mpaka Siku ya Posho, Jumamosi. Mulango, toka siku ya soko, na siku sita zenye nilisimama."

Aliandika moja moja. Alinisomea yote toka mwanzo, ya kubaguliwa na ya kisasi, mustari nyuma ya mustari, karatasi moja. Sikuwahi kusikia maisha yangu inasomwa na mutu mwenye shati safi. Sikulia. Niliomba tu arudilie pale penye alisoma mbio. Nyuma nikaandika jina yangu, herufi kwa herufi, na rafiki yangu akaweka kidole chini ya ile ya nyuma peke yake, vile alisema.

Tulilala Beni siku mbili kwa mama ya mwenye camion, na Siku ya Ine gérant alifika, amevaa koti. Alisema niliacha kazi. Muzee alimusikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama mutu ameacha kazi, ni nani alikuwa anasimama ku mulango siku sita. Gérant alisema hajui. Muzee akamuuliza kama hajui, juu ya nini mulinzi alipewa amri ya kunirudisha. Hapo gérant alijikwaa na mudomo yake mwenyewe: alisema alinitoa ku meza "juu alinipeleka ku haki." Kijana aliandika ile mbio sana.

Balikata hivi: ninarudia kichwa ya meza, na karatasi ya kusainiwa na mwanaume haitaombwa tena kwa mwanamuke wa ile depo, awe na bwana, asiwe naye. Na kuku, muzee aliamuru irudie kwa mwenyewe, pamoja na uzazi wake. Gérant aliondoka Beni na koti yake na kikapu inalia. Mu njia nyumbani rafiki yangu aliimba toka daraja ya kwanza mpaka Rughenda, hapa Butembo, na mimi sikumukataza.

Shemeki alinikasirikia miaka mingi. Alipata mujane mwingine, mwenye alimukubali kwa mapenzi yake, na baliishi muzuri. Nilienda ku harusi. Nilipeleka mikeka mbili.

Vita haikuisha kwa ile siku, na bajane baliongezeka. Miezi mingi nyuma, asubuhi moja, mwanamuke wa mashini alirudi ku kazi, kichwa imenyolewa, macho imevimba. Bwana yake balimuua ku njia ya Oicha. Alisimama ku mulango ya depo, haingii, harudi. Gérant alimupita, akamusalimia na pole, akaendelea ku biro yake. Mwanamuke akamufuata na macho, nyuma akanikaribia polepole.

"Yaya, banasema iko karatasi ya kusainisha kwa ndugu ya bwana."

"Ulisikia ya zamani," nilimwambia. "Pole sana, mutoto wangu. Nawa mikono, kahawa imeshamwangwa."